Haikusikika

Mimi ni vidole tu. Miaka thelathini na mmoja
nimekaa chini ya jukwaa la hakimu, Winnipeg,
nikichapa kiapo na uongo kwa kasi ileile,
maana mashine haichagui.
Jina langu Sigga. Mara nyingi hawaniiti.

Orest Hnatiuk nilimjua kwa viatu kwanza:
buti zenye chumvi ya barabarani, kamba za rangi mbili.
Mfukoni peremende, aliwagawia washtakiwa
kabla hawajasimama. "Mdomo mkavu," alisema,
"humfunga mtu mbele ya ushahidi."
Kesi yake ya kwanza kwangu ilikuwa ya ngano,
magunia sita yaliyopungua ghalani.
Alimhoji shahidi juu ya mizani saa nzima,
kutu yake, chemchemi yake, nani aliipaka grisi na lini.
Hakimu akasinzia. Mshtakiwa akaenda kwao kula.

Alishindwa pia. Maboksi ya kushindwa kwake
yamejaa ghorofa ya chini, karibu na bomba linalovuja.

Kisha wakampandisha, wakamvika mshipi mwekundu.
Kutoka ninapokaa, hakimu ni kidevu na kalamu.

Kila mwezi tulipanda ndege ndogo kwenda kaskazini,
ikatua juu ya ziwa lililoganda,
na mahakama ikakaa katika ukumbi wa shule
chini ya goli la mpira wa kikapu.
Clifton Spence, miaka kumi na tisa:
pikipiki ya theluji si yake, mlango wa duka umevunjwa.
Mkalimani alikwama na ukungu kwingine.
Bibi yake akasimama, glavu za ngozi mkononi,
akasema kwa Kikrii, dakika nne labda, bila chozi.
Hnatiuk alimngoja amalize
kama mtu anavyongoja treni la mizigo lipite.
Akasema: miaka miwili.

Nami nikachapa ninachoruhusiwa: *haikusikika*.
Ilisikika. Ilisikika mpaka kwenye ngazi za nje.
Ila kwenye orodha yetu ya maneno
hakuna lisemalo kwamba tulisikia, tukakosa masikio.

Theluji ilipoanza kuyeyuka alikuja mezani kwangu
na kumbukumbu ya kesi, kidole juu ya neno lile.
"Sigga, alisema nini?"
"Mheshimiwa, mimi ni vidole tu."
Alisimama kitambo. Akaniachia peremende.
Juni akavua mshipi.

Wengine walisema moyo, wengine chupa.
Hayo sikuyachapa.
Chama cha mawakili kilimnyima ruhusa ya kutetea,
akaomba tena, wakamnyima, akaomba
mpaka walichoka wao.
Akarudi kwenye meza ya chini, mvi tupu,
na watu aliowafunga wakaja wakitaka awasemee.
Mmoja alicheka koridoni:
"Aliyefunga kamba ndiye ajuaye fundo."
Clifton hakuja. Kila tulipotua kule
Hnatiuk aliangalia mlango kuliko faili.
Alijifunza maneno kumi na moja ya Kikrii;
yalitosha kusalimu na kuomba radhi,
kuuliza hayakutosha, na bibi alikwisha zikwa.

Leo amefunga kazi. Kesi ya matairi manne.
Sikio la kushoto limekufa, la kulia linadai mkopo.
Alimwomba shahidi arudie, akaomba tena,
hakimu kijana akagonga kalamu: "Endelea, wakili."
Hakuendelea. Aligeuka: "Sigga, nisomee."
Nikasoma polepole, neno kwa neno,
naye akiangalia midomo yangu, miaka yote hii
mara ya kwanza mtu kuiangalia.

Jioni, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri,
magari yote uani yamefungwa kwenye umeme
kama mbuzi kwenye vigingi, injini zisigande.
Aliwasha lake, akaondoka bila kuchomoa,
waya wa njano ukikatika na kumfuata
barabarani, ukirukaruka juu ya barafu.
Niligonga kioo. Nikaita
jina lake, lile la kwanza,
ambalo sijawahi kulichapa peke yake.